Vidonge vya Mwewe

Mke wa Mwewe alifika kwenye dirisha la dawa Jumatatu asubuhi, zahanati bado haijachangamka, kakumbatia boksi la viatu kama aliyeachiwa mtoto wa watu. Salamu zake zilikuwa fupi. Aliliweka boksi kwenye ubao wa dirisha, akafunua kifuniko, akamkazia macho aliyekuwa ndani.

"Mama Vidonge, hebu nieleze mwenzio. Mume wangu dawa anazimeza, au anazifuga?"

Mama Vidonge alikuwa mtoa dawa wa zahanati ile, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Jina lake halisi lilibaki kwenye orodha ya wafanyakazi tu. Watu wote walimwita kwa kazi yake. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha lile akisema maneno yale yale: hiki asubuhi na jioni, hiki asubuhi tu, usikatishe, anayefuata! Aliyasema kwa kasi na kwa sauti ya kupasua, na kwa upande wake aliamini kwamba mtu akishaelekezwa, yaliyobaki ni juu yake mwenyewe.

Alivaa miwani akachungulia. Boksi lilijaa vipakiti vya vidonge vya njano, vimebanwa vizuri kama matofali. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Umevitoa wapi?"

"Kabatini, nyuma ya buti zake za zamani. Nilikuwa natafuta brashi ya viatu." Mke wa Mwewe alishusha sauti. "Wiki nzima analalamika kichwa. Jana pua imemtoka damu. Mama, yule mtu anafanya kazi juu. Akidondoka kule sitaokota kitu."

Mumewe alikuwa dereva wa winchi, ile mashine ndefu ya kunyanyulia vyuma na zege, iliyosimama kama twiga katikati ya jengo la ghorofa kumi na mbili lililokuwa likijengwa nyuma ya stendi. Wenzake walimbandika jina la Mwewe kwa sababu alishinda juu kutwa nzima, peke yake, akitazama vichwa vya watu. Jina lilimpendeza. Mkewe mwenyewe alimwita hivyo wakiwa wamepatana. Wakikosana alimwita "wewe baba".

"Na baada ya wiki sita kampuni inawapima afya madereva wote," mke aliendelea. "Wakikuta presha yake iko hivi, wanamshusha. Wamweke getini awe anakagua mifuko. Mwewe getini! Si atakufa kwa uchungu kabla presha haijamfikia?"

Mama Vidonge alihesabu vipakiti. Dawa ya miezi minane.

"Na vile vyeupe?"

"Vyeupe anameza kila siku, mbele yangu, na chai."

Hapo ndipo Mama Vidonge alipopaswa kusimama na kujiuliza. Mtu msahaulifu husahau vyote. Lakini hasira zilimtangulia. Aliona miezi minane ya kazi yake imelala ndani ya boksi la viatu, akahisi kama ametukanwa. Alimpa mke wa Mwewe kipakiti kimoja cha njano arudi nacho nyumbani. "Kesho akitoka kliniki, asingoje asubuhi, jioni ile ile msimamie mpaka ameze. Usimwachie nafasi. Hili boksi niachie mimi."

Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya wagonjwa wa presha. Mwewe aliomba ruhusa ya asubuhi kazini akaja na ovaroli lake, mtu mrefu mwembamba, mikono mirefu isiyojua ikae wapi. Daktari alimpima. Mia na sabini na nane kwa mia na kumi. Daktari wa zahanati alikuwa kijana mzuri, mwenye roho ya kazi, lakini siku hiyo alikuwa na watu sitini wa kuwaona kabla ya saa tisa. Alikunja uso, akauliza huku anaandika, "Dawa unameza, mzee?" Mwewe akajibu, "Ndiyo." Daktari akakata shauri kwamba dawa imezidiwa nguvu. Akaongeza: badala ya kidonge kimoja cha njano, viwili.

Mwewe akaipeleka karatasi dirishani. Nyuma yake walipanga foleni watu kama ishirini.

Mama Vidonge aliisoma, akainama, akalitoa lile boksi na kulitua mbele yake. Kishindo chake kilisikika hadi kwenye mabenchi.

"Baba, vya miezi minane hujavigusa, leo unataka vingine vya nini? Daktari anahangaika na wewe, mkeo anahangaika na wewe, kumbe mwenzetu unajenga ghala!"

Foleni iliangua kicheko. Mwewe alilitazama boksi, akamtazama Mama Vidonge. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

"Ahsante, mama," alisema polepole. Akaiacha karatasi pale pale akaondoka, mikono mitupu.

Mama Vidonge alijiona ameshinda, kwa kitambo cha kama pumzi mbili hivi. Kisha kicheko kikaisha, na bibi mmoja aliyekuwa wa pili kwenye foleni akasogea, akaegemea ubao na kumwambia kwa sauti ya chini, "Umemchoma, mwanangu. Huyo harudi tena hapa."

Maneno ya bibi hayakumtoka. Saa ya kula ilipofika alifunga dirisha, akakaa na chakula chake bila kukigusa, boksi liko mbele yake. Vyeupe anameza, vya njano hamezi. Miezi minane hachanganyi hata siku moja. Huku si kusahau. Huku ni kuchagua, na mtu hachagui bila sababu.

Halafu jambo la pili likamjia. Daktari alikuwa ameongeza maradufu dawa ambayo mgonjwa hajawahi kuianza. Na jana yeye mwenyewe, Mama Vidonge, alimwambia mke amsimamie mpaka ameze. Mke anacho kipakiti. Mume keshaambiwa ni viwili. Akivimeza vyote kwa mpigo pamoja na vyeupe, mwili haujazoea, kesho alfajiri akaipanda ngazi ya winchi na kizunguzungu chake...

Hakumaliza kuwaza. Alimwomba muuguzi amshikie dirisha, akavua koti jeupe, akatoka mguu mosi mguu pili kuelekea stendi.

Getini pale kwenye jengo mlinzi alimzuia. "Mama, hapa si pa kupita."

"Sipiti. Nimekuja kazini, kama wewe. Namtaka dereva wa winchi, na sitoki bila kumwona."

Mlinzi alimpima kwa macho, akaona huyu hatoki kweli. Alimvika kofia ngumu iliyomshuka mpaka masikioni, akamwonyesha msimamizi wa ujenzi, jamaa mwenye tumbo la kutangulia na redio ya mkononi. Msimamizi aliongea na redio, redio ikakoroma, akatikisa kichwa. "Anasema yuko katikati ya zege, mama. Ndoo ikishapanda haiachwi hewani. Subiri."

Akasubiri. Saa nzima ikapita, ikaja nusu nyingine. Alisimama kwenye vumbi la saruji akitazama juu hadi shingo ikamuuma. Kibanda cha dereva kilikuwa kidogo kama kiota, na mkono wa winchi ulikuwa ukizunguka taratibu, ukishusha ndoo ya zege katikati ya vyuma vilivyochomoza, mahali pembamba ambapo yeye asingeweza kupitisha ndoo ya maji kwa mkono. Kila ilipotua, vibarua walinyoosha dole gumba juu. Hapo akajua kwamba mtu ambaye yeye alimwaibisha asubuhi alikuwa fundi wa hali ya juu.

"Ile ngazi ina vipago vingapi?" aliuliza.

"Mia mbili na arobaini. Kupanda dakika ishirini, kushuka kama kumi na tano kwa aliyezoea. Ndiyo maana akipanda asubuhi, mpaka mapumziko ya mchana hashuki."

"Na choo?"

Msimamizi akacheka. "Choo kipi huko juu, mama? Choo kile pale," akaonyesha vibanda vya mabati vilivyo mwisho kabisa wa uwanja, kando ya ukuta.

Mama Vidonge alivitazama vile vibanda. Akaitazama ngazi, akapanda nayo kwa macho mpaka kwenye kile kiota. Kidonge cha njano ni kidonge cha kutoa maji mwilini. Akimeza asubuhi, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akimwelekeza kila mwezi kwa ile sauti yake ya kupasua, saa mbili baadaye mtu hana ujanja, lazima aende. Na akitoka anarudi tena.

"Masikini mimi," alisema, na msimamizi akadhani ni jua limemzidi, akamletea kiti.

Mwewe aliposhuka na kumkuta amekaa pale na kofia yake ya kuazima, alitaka kugeuza njia. Mama Vidonge akainuka.

"Baba, nisikilize kidogo tu. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusema mbele za watu, na sikuwa na haki hiyo. Nimekosa."

Mwewe alitazama buti zake. Hakutegemea hilo.

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Nimeitazama hiyo ngazi yako saa nzima na nusu. Na nimeonyeshwa choo kilipo." Alipunguza sauti, msimamizi alikuwa mbali. "Ni kile kidonge cha njano, siyo?"

Mwewe akavua glavu moja, akaivaa tena. Kisha akaketi juu ya rundo la mbao, na maneno yakaanza kumtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayeng'oa misumari.

"Wiki ya kwanza nilimeza vile vichache mlivyonipa vya kujaribia, kabla ya hivi vya kila mwezi. Siku ya tatu tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya nne. Ndoo iko hewani, chini yake kuna watu kumi na wawili. Nikabanwa. Siyo kubanwa kwa kawaida, mama. Nikajikaza mpaka machozi yakanitoka. Ndoo huwezi kuiacha." Alishusha sauti. "Nikajimwagia. Mtu mzima, nina wajukuu wawili. Nikakaa kule juu mpaka vibarua wote wameondoka, ndipo nikashuka, koti nimelifunga kiunoni. Mama watoto nilimwambia nimemwagikiwa na maji."

"Hukumwambia Daktari?"

"Nimwambie vipi? Mlango uko wazi, foleni yote inasikiliza, na yeye anaandika. Ananiuliza, unameza? Nikijibu ndiyo, nimemaliza. Nikijibu hapana, nianze kueleza habari ya suruali? Na pale dirishani kwako..."

"Sema tu."

"Pale kwako ni sokoni, mama. Samahani."

"Samahani ya nini, ni kweli."

Akamweleza na mengine: kwamba baada ya siku ile aliogopa hata maji, akawa hanywi tone tangu kuamka mpaka ashuke, kwamba vile vyeupe alivimeza kwa uaminifu akiomba vifanye kazi ya wote, kwamba vya njano alivichukua kila mwezi asionekane mkaidi, na kuvitupa hakuweza, kwa sababu dawa ni mali ya wagonjwa wenzake. Mama Vidonge alisikiliza bila kumkatiza. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumsikiliza mgonjwa kwa dakika kumi mfululizo.

"Sasa sikia," alisema mwishoni. "Leo vya njano usiviguse, hata mkeo akikushikia mwiko. Mwambie nimesema mimi. Vyeupe endelea kama kawaida, na maji unywe. Kesho nitakuwa na jibu."

Jioni ile ile, kabla Daktari hajafunga chumba, Mama Vidonge aliingia na boksi, akafunga mlango nyuma yake. Alimpasulia habari ya vidonge visivyomezwa. Daktari alisikiliza, masikio yakaanza kumwiva.

"Mama, mgonjwa nikimuuliza akasema ndiyo, nimwite mwongo?"

"Hapana. Hata mimi nisingemwita. Mimi nilimfanya zaidi ya hapo, nilimcheka." Akaketi. "Daktari, hebu soma kwenye faili lake. Kazi yake ni nini?"

Daktari alipekua. "Dereva."

"Wa nini?"

Daktari aligeuza ukurasa, akageuza wa pili, kana kwamba jibu lingetokea lenyewe.

"Nilidhani gari," alisema.

"Hata mimi nilidhani gari, mpaka mkewe aliponiambia jana. Hatukuuliza. Mwenzetu yuko hewani, ngazi mia mbili na arobaini, choo kiko mwisho wa uwanja. Na leo tumemwongezea kidonge cha njano kiwe viwili."

Daktari alikaa na faili mikononi. Kisha akafanya jambo lililomfanya Mama Vidonge ampende kama mwanawe tangu siku hiyo. Hakujitetea tena. Alivuta karatasi, akakata mstari juu ya maandishi yake ya asubuhi, akasema, "Dawa za presha ziko za namna nyingi. Ipo isiyomsumbua mtu kwa choo kabisa. Ningejua, ningempa tangu mwezi wa kwanza. Aje kesho jioni baada ya kazi, nitamsubiri. Nataka nimwombe radhi mwenyewe, halafu awe anapimwa kila wiki."

Mwewe alikuja, na mkewe nyuma yake. Njiani walikuwa wamezungumza, kwa maana mke alifika macho mekundu lakini anacheka. "Miaka ishirini na sita ya ndoa," alimwambia Mama Vidonge wakisubiri nje, "mtu ananificha suruali! Mimi niliyemfulia nguo akiwa na kipindupindu! Nimemwambia, Mwewe, siku nyingine ukificha kitu, ficha cha maana."

Wiki ya kwanza kipimo kilisoma mia na sitini na nne. Ya pili, mia na hamsini na sita. Ya tatu hakikusogea, na Mwewe akafa moyo kidogo. Daktari akamwongezea kiasi, akamweleza kwa nini, mlango umefungwa, kalamu iko mezani. Ya nne, mia na arobaini na mbili. Kichwa kiliacha kuuma. Mwewe sasa alipanda na chupa ya maji na kuimaliza kabla ya mapumziko, na msimamizi, baada ya kuambiwa mawili matatu na Mama Vidonge ambayo hakuyarudia mbele ya mtu, akapanga dereva wa pili amshikie zamu katikati ya asubuhi.

Pale zahanati nako mambo yalibadilika. Mama Vidonge alipigania kile chumba kidogo cha stoo kilicho ubavuni mwa dirisha, akatoa ndoo na mafagio, akaweka viti viwili na pazia. Wa dawa za kila mwezi aliwaingiza humo mmoja mmoja. Swali lake la zamani, unameza au humezi, aliliacha. Sasa aliuliza, "Kati ya hizi, ipi inakupa taabu?" Na watu walifunguka kama bomba. Fundi cherehani mmoja alikuwa anaruka kidonge cha mchana kwa sababu kilimfanya asinzie, na tayari sindano ilikuwa imempitia kidoleni mara mbili. Yule bibi wa foleni, kumbe, alishindwa kufungua kifuniko cha kopo, vidole vyake vimekakamaa, akawa anangoja mjukuu amtembelee Jumamosi. Alihamishiwa dawa kwenye bahasha, akaondoka anapiga vigelegele vya peke yake. Foleni ikawa ndefu zaidi, wakubwa wakanung'unika. Daktari akasimama upande wake. Miezi haikupita mingi kabla namba za vipimo vya Jumanne hazijaanza kushuka, na hapo wakubwa wakanyamaza.

Siku ya kupimwa madereva, Mwewe alienda kwa daktari wa kampuni akiwa amevaa shati la harusi. Mia na thelathini na mbili kwa themanini na mbili. Daktari yule alipima mara ya pili kwa kutoamini, akilinganisha na karatasi ya mwaka uliopita iliyompa onyo la presha, ikaja ile ile. Akagonga muhuri. Mwewe alitoka mle akatembea kwa heshima mpaka kona ya ukuta, akageuka huku na huku, akaruka juu kama kijana aliyefunga goli.

Wiki mbili baadaye jengo lilibakiza tangi la maji tu. La chuma, kubwa kama chumba, lilitakiwa kwenda juu ya paa la ghorofa ya kumi na mbili na kukalishwa kwenye miguu minne ya chuma. Barabara ilifungwa. Watu wa stendi waliacha mizigo yao wakaja kutazama. Mama Vidonge alikuja na Daktari, wote na kofia ngumu, na mke wa Mwewe katikati yao amewashika mikono kama anayevuka mto.

Tangi liliachana na ardhi. Lilipanda polepole, kamba zikilia. Upepo ulilisukuma, likaanza kuzunguka, na umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Mkono wa winchi ukasimama. Mwewe alilisubiri. Hakuharakisha, hakushtuka, alingoja upepo upoe, akalituliza, akalipandisha tena, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka likawa dogo kama kopo juu ya vichwa vyao. Kule juu mafundi walinyoosha mikono. Tangi likashuka shibiri, likashuka nyingine, kisha sauti ya chuma kukaa juu ya chuma ikaja mpaka chini, nzito na safi.

Kilipuka kishindo cha shangwe. Vibarua walirusha kofia. Mke wa Mwewe alilia waziwazi, Daktari akapiga mluzi wa vidole viwili ambao hakuna aliyejua kwamba anauweza. Msimamizi, jasho likimtiririka, akamkabidhi Mama Vidonge redio.

"Baba, unanisikia?" alipaza sauti, na safari hii hakuona haya kwa sauti yake ya kupasua. "Presha iko wapi?"

Redio ilikoroma, kisha kicheko cha Mwewe kikatoka kipana, kikasikika mpaka kwa watu wa mbele.

"Presha mnayo ninyi huko chini, mama! Mimi huku niko salama. Naona mji mzima!"

Akashuka kipago kwa kipago, bila haraka, na alipokanyaga ardhi vibarua walimbeba juu juu mpaka getini.